Mouton Rothschild 1945: Mvinyo uliotangulia cheo chake

KATIKA minada ya mvinyo duniani, ni chupa chache zinazovuta wanunuzi kama ile iliyochorwa herufi V kwenye lebo yake na kuandikwa mwaka 1945. Huo ni mvinyo mwekundu wa Château Mouton Rothschild, shamba la mizabibu lililoko Pauillac, kusini magharibi mwa Ufaransa. Septemba 2006, katika mnada wa kampuni ya Christie's uliofanyika Los Angeles, Marekani, chupa 12 za mvinyo huo ziliuzwa kwa pamoja kwa dola 290,000 za Marekani, yaani zaidi ya dola 24,000 kwa kila chupa. Februari 2007, kampuni ya Sotheby's iliuza jijini New York chupa moja kubwa ya lita 4.5 kwa dola 310,700.

Bei hizo zinashangaza zaidi mtu anapozingatia jambo moja. Zabibu za mvinyo huo zilipochumwa, Mouton halikuwa shamba la daraja la kwanza. Katika orodha rasmi ya mivinyo ya Bordeaux lilihesabiwa kuwa la daraja la pili, na liliendelea kubaki hapo kwa miaka 28 baada ya mavuno hayo. Sehemu kubwa ya historia ya shamba hilo ni historia ya madai yake dhidi ya orodha hiyo, na mvinyo wa 1945 ulikuwa ushahidi uliowekwa mezani muda mrefu kabla ya hukumu kutolewa.

Ardhi ya kokoto

Pauillac ni mji mdogo wa bandari ulioko kwenye ukingo wa kushoto wa Gironde, mlango mpana unaopeleka maji ya mito ya Garonne na Dordogne katika Bahari ya Atlantiki. Uko katika eneo liitwalo Médoc, kiasi cha kilomita 50 kaskazini magharibi mwa jiji la Bordeaux.

Mkulima wa nafaka asingeitamani ardhi hiyo. Ni vilima vya chini vilivyojaa kokoto, visivyo na rutuba nyingi na visivyotuamisha maji. Lakini kwa mzabibu, umaskini huo ni faida. Maji ya mvua hupita haraka, mizizi hulazimika kwenda chini sana kutafuta unyevu, na kokoto huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, jambo linalosaidia zabibu kuiva.

Zabibu inayofaa zaidi mahali hapo ni Cabernet Sauvignon, yenye punje ndogo, ganda nene na tabia ya kuchelewa kuiva. Ndiyo inayochukua karibu asilimia 80 ya mizabibu ya Mouton. Sehemu iliyobaki ni ya Merlot, Cabernet Franc na Petit Verdot. Shamba lote lina ukubwa unaokaribia hekta 90.

Kwa Kifaransa, neno mouton lina maana ya kondoo. Hata hivyo, maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina la shamba lilitokana na neno la kale lililomaanisha kilima kidogo au mwinuko wa ardhi. Hilo halikuizuia familia inayolimiliki kumfanya kondoo dume kuwa nembo yake.

Kununuliwa kwa shamba na orodha ya 1855

Mwanzoni mwa karne ya 19 shamba hilo liliitwa Brane-Mouton, kwa kuwa lilimilikiwa na Baroni Hector de Brane. Mwaka 1830 Baroni huyo aliliuza kwa Isaac Thuret, mwenye benki wa Paris. Mei 11, 1853, lilipigwa mnada na kununuliwa na Baroni Nathaniel de Rothschild, wa tawi la Uingereza la familia hiyo mashuhuri ya kibenki, kwa faranga 1,125,000. Mmiliki mpya aliliita Mouton Rothschild.

Miaka miwili baadaye yalifanyika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1855, chini ya utawala wa Napoleon III. Kwa ajili ya maonyesho hayo, Chemba ya Biashara ya Bordeaux iliwaomba madalali wa mvinyo waandae orodha ya mashamba bora ya mvinyo mwekundu. Madalali hawakuketi kuonja upya mvinyo wa kila shamba. Walitumia kipimo walichokijua zaidi, nacho ni bei ambazo mivinyo hiyo ilikuwa ikiuzwa sokoni kwa miaka mingi.

Mashamba yaligawanywa katika madaraja matano. Daraja la kwanza lilipewa mashamba manne tu: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton liliwekwa daraja la pili, likitajwa mwanzoni kabisa mwa kundi hilo.

Familia ya Rothschild iliipokea nafasi hiyo kama udhalilishaji. Mouton lilijiwekea kaulimbiu iliyotangaza kwamba haliwezi kuwa la kwanza, halikubali kujishusha kuwa la pili, lenyewe ni Mouton. Jeraha hilo lilizidi mwaka 1868, pale Baroni James de Rothschild, ambaye alikuwa baba mdogo wa Nathaniel na pia baba mkwe wake, aliponunua Lafite, shamba linalopakana na Mouton. Tangu hapo matawi mawili ya ukoo mmoja yakawa majirani, moja likiwa na cheo na jingine likiwa halina.

Kijana wa miaka 20

Kwa miongo kadhaa wamiliki wa Mouton waliishi Paris na kulitazama shamba kama mali ya mbali. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1922, pale Baroni Philippe de Rothschild, kitukuu wa Nathaniel, alipokabidhiwa usimamizi akiwa na umri wa miaka 20. Philippe alikuwa mtu wa mambo mengi. Aliendesha magari ya mashindano, akajishughulisha na tamthilia na sinema, na baadaye akatafsiri mashairi ya Kiingereza kwa Kifaransa. Hata hivyo, Mouton ndiyo iliyobaki kuwa kazi ya maisha yake.

Jambo la kwanza kubwa alilolibadilisha lilihusu chupa yenyewe. Kwa desturi ya wakati huo, mashamba yaliuza mvinyo ukiwa ndani ya mapipa kwa wafanyabiashara wa jijini Bordeaux. Wafanyabiashara hao ndio walioutunza, kuutia katika chupa na kuubandika lebo. Mnunuzi hakuwa na hakika kwamba kilichomo ndani ya chupa kimetoka chote katika shamba lililotajwa juu yake.

Kuanzia mavuno ya 1924, Philippe aliamua kwamba mvinyo wote wa Mouton utatiwa katika chupa shambani, na akayashawishi mashamba ya daraja la kwanza yafanye vivyo hivyo. Uamuzi huo ulihitaji nafasi ya kuhifadhia mapipa, kwani mvinyo ulilazimika kubaki shambani kwa miaka badala ya miezi. Mwaka 1926 likajengwa ghala kuu lenye urefu wa mita 100, kwa michoro ya msanifu Charles Siclis.

Miaka ya vita

Mwaka 1940 Ujerumani iliivamia na kuishinda Ufaransa. Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wanazi, ilimvua Philippe uraia kwa sababu ya Uyahudi wake na kuitwaa mali yake. Alikamatwa na kufungwa Afrika Kaskazini. Baada ya kuachiwa alifanikiwa kufika Uingereza, akajiunga na Jeshi la Ufaransa Huru la Jenerali Charles de Gaulle na kutunukiwa nishani ya vita. Huko Pauillac, majengo ya Mouton yalikaliwa na jeshi la Ujerumani.

Mkewe, Élisabeth Pelletier de Chambure, alibaki Ufaransa. Hakuwa amezaliwa katika familia ya Kiyahudi. Hata hivyo, mwaka 1944 alikamatwa na Gestapo na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Ravensbrück nchini Ujerumani. Alifia huko Machi 1945, wiki chache kabla ya vita kumalizika. Binti yao, Philippine, alikuwa na umri wa miaka 11.

Huo ndio mwaka ambao mvinyo unaozungumziwa hapa ulizaliwa.

Mavuno ya 1945

Mizabibu ya Bordeaux ilikuwa imepita miaka mitano ya matunzo hafifu. Wafanyakazi wengi walikuwa wametekwa au kupelekwa Ujerumani kufanya kazi, na salfeti ya shaba, dawa inayotumika kuikinga mizabibu dhidi ya ukungu, ilikuwa adimu. Kisha, mwanzoni mwa Mei, siku chache tu kabla ya Ujerumani kusalimu amri, jalidi kali liliangukia mashamba usiku na kuua sehemu kubwa ya machipukizi.

Hasara hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa chanzo cha ubora. Vishada vilivyosalia vilikuwa vichache, na kila mzabibu ukaelekeza nguvu zake katika matunda hayo machache. Majira ya joto yaliyofuata yalikuwa makavu na yenye jua kali. Zabibu zikawa ndogo, zenye ganda nene na maji kidogo, na uvunaji ukaanza mapema, kabla ya katikati ya Septemba.

Kwa mujibu wa hesabu iliyochapishwa kwenye lebo yenyewe, mavuno hayo yalitoa chupa kubwa 24 za lita 4.5, chupa 1,475 za lita 1.5, na jumla ya chupa za kawaida na nusu chupa 74,422. Kila moja ilipewa namba yake.

Ili kuadhimisha kurudi kwa amani, Philippe alimwomba msanii kijana aliyekuwa bado hajulikani sana, Philippe Jullian, achore pambo la kuwekwa sehemu ya juu ya lebo. Jullian alichora herufi V, ishara ya ushindi iliyokuwa imezoeleka wakati wa vita, na lebo ikautaja mwaka huo kuwa mwaka wa ushindi. Kwa mtu aliyempoteza mke wake miezi michache tu kabla ya mavuno, ushindi huo haukuwa neno jepesi.

Siri ya kudumu kwake

Mivinyo mingi duniani hutengenezwa ili inywewe ndani ya miaka michache. Mvinyo wa Mouton wa 1945 ulikuwa kinyume cha hiyo. Ulipokuwa mchanga ulikuwa mkali na mgumu kinywani kutokana na wingi wa tanini, kemikali za asili zinazopatikana katika maganda na mbegu za zabibu, ambazo pia ndizo zinazoufanya ulimi uhisi ukavu mtu anywapo chai ya rangi iliyokolea.

Tanini hizo ndizo huulinda mvinyo dhidi ya kuharibiwa na hewa. Kadiri miaka inavyopita, tanini na chembe za rangi huungana, huwa nzito na kushuka chini ya chupa kama mashapo. Ukali hupungua, rangi hutoka katika wekundu wa zambarau na kuelekea rangi ya tofali, na harufu ya matunda mabichi huacha nafasi kwa harufu za viungo, ngozi, majani makavu na mbao za mwerezi. Waonjaji wa Mouton wa 1945 wamekuwa wakitaja hasa harufu ya viungo na mnanaa, na mhakiki wa Marekani Robert Parker aliupa alama 100 kati ya 100.

Mabadiliko hayo hayatokei vyema pasipo matunzo. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke na kuruhusu hewa kupita. Huhifadhiwa gizani, mahali palipotulia, katika baridi ya wastani ya nyuzi 12 au 13 za Selsiasi. Chupa kubwa huzeeka polepole kuliko ndogo, kwa sababu mvinyo ulio ndani ni mwingi ukilinganishwa na hewa inayoufikia. Hiyo ni sababu mojawapo ya zile chupa 24 za lita 4.5 kutafutwa kwa udi na uvumba.

Hukumu ya 1973

Baada ya vita, Philippe alirudia madai ya ukoo wake kwa nguvu mpya. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikiwa orodha ya 1855 ilipangwa kwa kufuata bei, na ikiwa Mouton sasa linauza kwa bei sawa na ya mashamba ya kwanza, basi kwa kipimo cha orodha yenyewe lilistahili kupandishwa. Upinzani mkubwa ulitoka kwa wale ambao tayari walikuwa na cheo hicho, wakiwamo jamaa zake wa Lafite.

Juni 21, 1973, Waziri wa Kilimo wa Ufaransa, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa nchi hiyo, alitia saini agizo la kulipandisha Mouton kuwa la daraja la kwanza. Ilikuwa imepita miaka 118. Hakuna shamba jingine lililowahi kupandishwa hadi daraja la kwanza katika orodha hiyo. Kaulimbiu ya zamani nayo ikabadilishwa, ikaeleza kwamba Mouton sasa ni la kwanza, kwamba liliwahi kuwa la pili, na kwamba Mouton halibadiliki.

Hata hivyo, hali ya hewa haitii agizo la waziri. Mvinyo wa 1973, uliovunwa miezi michache baada ya ushindi huo, ulikuwa wa kawaida tu, kama ilivyokuwa kwa mashamba mengi ya Bordeaux mwaka huo. Na mwaka 1976, katika shindano la kuonja bila kuona lebo lililofanyika Paris, Mouton wa 1970 ulishika nafasi ya pili, nyuma ya mvinyo wa Stag's Leap kutoka California. Philippe hakuidharau California. Pamoja na Robert Mondavi, mtengenezaji maarufu wa mvinyo wa jimbo hilo, alianzisha mvinyo wa Opus One, ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya 1979.

Lebo zilizogeuka jumba la sanaa

Pambo la herufi V lilianzisha desturi ambayo imelitangaza Mouton hata kwa watu wasiokunywa mvinyo. Tangu 1945, karibu kila mwaka msanii hualikwa kuchora sehemu ya juu ya lebo, na malipo yake huwa ni mvinyo wenyewe. Miongoni mwa waliofanya hivyo ni Jean Cocteau mwaka 1947, Georges Braque mwaka 1955, Salvador Dalí mwaka 1958, Henry Moore mwaka 1964, Joan Miró mwaka 1969, Marc Chagall mwaka 1970 na Andy Warhol mwaka 1975. Lebo ya mwaka 1973 ilibeba mchoro wa Pablo Picasso, aliyefariki dunia Aprili mwaka huo. Lebo ya 2004 ilichorwa na Charles, wakati huo akiwa Mwana wa Mfalme wa Uingereza, na ile ya 2016 na William Kentridge wa Afrika Kusini.

Baroni Philippe alifariki dunia Januari 1988. Shamba likachukuliwa na binti yake, Philippine, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani na ambaye aliwahi kuigiza katika jumba mashuhuri la Comédie-Française. Aliliongoza hadi alipofariki Agosti 2014, na likarithiwa na watoto wake watatu.

Chupa zinazopungua

Umaarufu wa mvinyo wa 1945 umeleta pia tatizo la udanganyifu. Chupa tupu, kizibo cha zamani na lebo iliyochapishwa kwa ustadi vinaweza kumzalishia tapeli maelfu ya dola. Hatari hiyo ilidhihirika katika kesi ya Rudy Kurniawan, aliyehukumiwa jijini New York mwaka 2014 kifungo cha miaka 10 jela kwa kuuza mivinyo ya kughushi ya aina za kifahari. Ndiyo maana wanunuzi wakubwa huulizia kwanza historia ya chupa: ilinunuliwa lini, ilikaa wapi, na imepita mikononi mwa nani. Chupa kubwa iliyouzwa na Sotheby's mwaka 2007 ilikuwa imetoka katika ghala la Mouton kwenyewe, na jambo hilo lilichangia bei yake.

Kwa upande mwingine, chupa halisi haziongezeki. Kati ya zile zilizopewa namba baada ya mavuno ya 1945, nyingi zilinyweka zamani na watu walionunua mvinyo wa daraja la pili, miaka mingi kabla ya Chirac kutia saini. Hao hawakusubiri agizo la serikali ili kujua walichokuwa wakikinywa.